Maneno ya Mchapa Fulana

Walikutana msimu wa kampeni, katika duka la kuchapa fulana lililofurika wapambe wa wagombea. Yeye alikuwa mhadhiri wa siasa, gauni la kitani, viatu vya kumbana vidole, akitafiti kama anayemlipia mbunge kampeni ndiye anayesikilizwa bungeni. Mchapaji, rangi hadi viwikoni, alimwona akipigwa vikumbo, akamvutia kiti.

"Kaa, Daktari. Hawa wakishinda hutawaona tena. Waache wasukumane leo."

Mhadhiri alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Zikafuata simu za kila jioni, huku mpenzi, huku Daktari wangu, hadi mama yake mhadhiri akauliza kijana anangoja nini. Kijana akaahidi kuleta wajomba zake kuposa mwisho wa mwezi.

Jioni moja, wakila, mchapaji alimsimulia kwamba humchapia mgombea mmoja fulana bure, naye mgombea akishinda humpa zabuni ya sare za ofisi. Mtaa wake mwenyewe bado hauna maji, lakini yeye ana kazi. Alisema kwa aibu, kama mtu anavyomwambia mchumba wake.

Siku mhadhiri alipowasilisha utafiti, mchapaji alikuja ukumbini na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Akakuta maneno yake mwenyewe yameangazwa ukutani, makubwa, bila jina. Ukumbi ukacheka. Akainuka, akatoka.

Simu zikaita bila kupokelewa. Mhadhiri akakasirika naye. Jina si alilificha? Wote huwaficha, ndiyo kazi. Akasonya, akagombana na mama yake, akalala vibaya, mwisho akaenda dukani.

"Nilikuficha jina, mpenzi. Unataka nini zaidi?"

Mchapaji hakuinua macho kwenye mashine. "Wale wengine uliowahoji, uliwaomba ruhusa?"

"Wote."

"Mimi je?"

Mhadhiri akajivutia kiti kile kile, akakaa.

"Unawasuta wabunge kwamba wanatusemea bila kutuuliza. Na wewe umenifanyia nini?"

 Mhadhiri, na shahada zake zote, akasema atayafuta maneno yale.

"Usiyafute, ni ya kweli. Niulize tu."

Basi akamwomba ruhusa, mbele ya wapambe waliokodoa macho. Mchapaji akakunja fulana taratibu, akaikunjua, akaikunja tena, ndipo akaitikia.

"Na wajomba?" mhadhiri akauliza kwa sauti ndogo.

"Hao sikuwazuia. Nilikuwa na hasira, Daktari, sikuwa na wazimu."