Mawe Kumi ya Koko Marthe

Kila asubuhi, kabla jua halijapasha mabati moto, mama Anastasie alipiga makofi mara tatu uani, na wazee wake wanne wakatolewa nje mmoja mmoja kwa mazoezi.

Mama Anastasie alikuwa muuguzi. Mwaka ule wa 1999, vita vikiwa vimeuchosha mji wa Baraka kando ya ziwa, alisafisha ghala la zamani la unga wa muhogo akaanza kupokea wazee waliopotelewa na kumbukumbu. Aliwapokea kwa siku kumi tu. Katika siku hizo ndugu zao walienda kulima, au walilala usingizi walioukosa miezi mingi, kisha wakarudi kuwachukua. Watatu, yaani dada wawili na mzee Nicolas, walikuja peke yao. Bibi Marthe, au koko kama wanavyoita huko, alikuja na Élie, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, kwa sababu Gentille, mama yake Élie, alikuwa amekwenda Nundu kutafuta miche ya muhogo.

Mazoezi yenyewe hayakuwa ya ajabu. Mzee aliinuka kwenye kigoda mara tano bila kushikwa, akavuka vijiti vilivyolazwa chini, kisha akazunguka ua. Kila mzunguko aliinama, akaokota jiwe moja kwenye rundo na kulitia katika kitunga chake. Aliyeweza alifikisha mawe kumi.

Usidhani mawe yale yalikuwa mchezo. Tangu habari za mauaji ya Makobola zifike, watu wa Baraka walilala mizigo yao ikiwa imefungwa. Mama Anastasie alikuwa na kipoyi kimoja, machela ya miti inayobebwa mabegani, na vijana wawili majirani wa kukibeba, Fabien na Yasini.

"Siku ya kukimbia, mwenye mawe kumi atatembea," aliwaambia wote. "Mwenye mawe kidogo kupita bengine, ule njo wa kipoyi. Sitaangalia sura ya muntu. Nitaangalia kitunga."

Koko Marthe alikuwa amesahau jina la Élie. Alikuwa amesahau hata kwamba mumewe alishakufa. Ila utani hakuusahau. Kwao mjukuu wa kiume ni "bwana" wa bibi yake, na bibi ni "muke" wake, na hapo kila mtu hucheka. Mama Anastasie akimwamuru ainuke, koko alimkazia macho tu, asisogee hata kidogo. Lakini Élie akisema, "Muke wangu, nyanyuka, tuende ku shamba," koko alicheka, akajifunga kitenge vizuri na kuinuka. Siku tatu za mwanzo alifikisha mawe kumi, na Élie alijisikia mtu mkubwa.

Siku ya tatu hiyohiyo, Guy na wenzake wa shule wakapita kando ya ua wakasikia.

"Eee, bwana arusi!" Guy alipiga kelele. "Muke yako iko na meno ngapi?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikilia ua wa matete wasianguke. Uso wa Élie ulimwaka moto. Haya ile ilimkaa mchana kutwa.

Kesho yake alimpeleka koko nyuma ya jiko, akamketisha kwenye mkeka na kumpa majani ya muhogo ya kupikia sombe achambue. Alipoona muda umetosha, akatia mawe kumi kitungani kwa mkono wake mwenyewe.

"Koko amefikisha kumi, mama."

"Kumi? Muzuri sana!" Mama Anastasie, mwenye wazee wanne na mikono miwili, alimwamini.

Akafanya hivyo siku ya nne, ya tano, mpaka ya nane. Élie hakuwa mjinga. Siku ya saba, alipomwinua koko kumpeleka chooni, aliona magoti yamekakamaa na miguu inaburuzika. Aliona, akajua, akanyamaza.

Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, risasi zililia upande wa ziwa. Barabara ikajaa watu, mbuzi na magodoro. Mama Anastasie hakupoteza muda. Alivitazama vitunga vya jana; cha mzee Nicolas kilikuwa na mawe manne tu.

"Hawa dada wawili, kumi na kumi. Koko Marthe, kumi. Muzee Nicolas, ine. Fabien, mutieni muzee Nicolas mu kipoyi!"

Élie alifungua kinywa. Wakati wa kusema ulikuwa ndio huo, na ulitosha kabisa. Lakini aliona watu wamejaa uani, akaona haya kuitwa mwongo mbele yao, akakifunga. Alijidanganya kwamba koko atajikaza.

Wakashika njia ya mashambani kuelekea milimani. Mzee Nicolas, aliyekuwa fundi cherehani, alilalamika juu ya kipoyi kama alivyolalamika kila siku: "Munishushe! Bantu bananingojea ku soko!"

Koko Marthe alitembea labda hatua mia moja. Kisha akaketi katikati ya mihogo.

"Muke wangu, nyanyuka, tuende," Élie alisema. Koko alicheka, akajaribu. Magoti yakakataa, akaanguka kifudifudi. Élie alimvuta mikono, akamvuta kitenge. Wenzao walikuwa wamekwishapotea mbele, na risasi zilikuwa zikisogea. Hofu ikamfanya mnyama, akampiga koko begani.

"Nyanyuka! Unataka tukufe?"

Koko Marthe alianza kumlilia mama yake, aliyekufa kabla hata Gentille hajazaliwa. Élie akamwacha. Ndiyo, alimwacha pale peke yake na kukimbia.

Aliwakuta wengine kwenye kijito, chini ya mlima. Mama Anastasie alimtazama, akatazama nyuma yake.

"Koko iko wapi?"

"Anashindwa kutembea, mama." Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Hakutembea siku tano. Ile mawe, njo mimi nilikuwa natia. Nilidanganya."

Hakuna aliyempiga. Ingekuwa nafuu kama wangempiga. Mama Anastasie alitafuta la kufanya mahali ambapo hapakuwa na jambo zuri la kufanya.

"Mushushe muzee Nicolas," alisema. "Mumukalishe hapa. Rudieni koko, mbio. Élie, wonyesha njia."

"Mama, na yeye?" Yasini aliuliza.

"Mi nabaki naye. Endeni!"

Walimkuta koko palepale. Alikuwa amelowa mkojo, na alikuwa akichuma majani ya muhogo na kuyakusanya mapajani, kana kwamba anataka kupika. Alipomwona Élie alitabasamu. Hakukumbuka kupigwa wala kuachwa, na tabasamu lile lilimuumiza Élie kuliko matusi. Wakambeba.

Waliporudi, mama Anastasie alikuwa kijitoni akimwita mzee Nicolas mpaka sauti imekauka. Risasi zilipokaribia alikuwa amewavusha wale dada wawili, mmoja baada ya mwingine, maana mawe ya kijito yanateleza. Alipogeuka baada ya kumvusha wa pili, mzee Nicolas hakuwapo.

Fabien alirudi kumtafuta kwa njia ya mihogo. Alikawia. Alipotokea alikuwa peke yake.

"Bamemupiga risasi pale ku barabara," alisema. "Alikuwa anaenda soko."

Siku mbili baadaye, mwanamke mmoja alipanda mpaka kijiji cha mlimani walikojificha. Alikuwa Georgette, binti wa mzee Nicolas. Siku kumi zilikuwa zimetimia, naye alikuja kumchukua baba yake. Alikuwa amebeba bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, vimefungwa katika jani la mgomba.

Mama Anastasie alimsalimu kwa kichwa, kisha akamgeukia Élie. "Mwambie. Kama hutasema yote, mi nitasema, na itakuwa mbaya zaidi."

Élie alisema yote: kicheko cha Guy na wenzake, nyuma ya jiko, mawe, kunyamaza kwake uani, kipoyi, kijito, risasi za barabarani. Georgette alisikiliza amesimama. Élie alipomaliza, mwanamke yule alimuuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa unaona haya ya batoto bale?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa haya ya kuchekwa." Georgette alirudia polepole, kama mtu anayejifunza maneno ya lugha ngeni. Alitazama kile chakula mkononi. Kisha akakiweka mapajani kwa koko Marthe. "Mulishe. Papa hatakula tena."

Hakusema kwamba amesamehe, na Élie hakuthubutu kumwomba. Alimlisha koko tonge kwa tonge huku akilia, na Georgette akaketi akatazama mpaka jani likabaki tupu.

Asubuhi iliyofuata, mbele ya kijiji kizima, Élie alipiga magoti. "Muke wangu, nyanyuka, tuende ku shamba." Guy, ambaye naye alikuwa amekimbilia kijiji hicho na mama yake, alikuwepo. Safari hii Élie hakumtazama kama anacheka au hacheki. Koko Marthe aliinuka nusu, akarudi chini, akainuka tena. Walizunguka nyumba wakishikana.

Wiki ya tatu magoti yalianza kulegea, na koko alikwenda hadi kijitoni kwa miguu yake. Siku iliyofuata alichoka mapema. Élie alimwendea mama Anastasie mwenyewe.

"Leo ni mizunguko tatu tu, mama. Ya ine alikataa."

Mama Anastasie alikuwa akifunga bandeji. Aliiweka chini.

"Tatu ya kweli ni muzuri," alisema. "Nikijua ni tatu, najua namna ya kumusaidia. Sikia, Élie. Kazi ukishindwa, sema umeshindwa. Ukiona haya, sema na haya yako. Bantu bangekucheka siku moja, kisha bangesahau. Kumi yako ya uongo mi niliiamini, na muzee Nicolas iko mu udongo."

Élie aliitikia kwa kichwa. Kisha akarudi kumwinua koko, wajaribu mzunguko wa nne.