Kisu cha Pili

Mkaguzi wa nyama alimwona binti wa maabara kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la kupokelea sampuli, asubuhi ambayo wafugaji, madereva na makarani walisukumana kana kwamba ndani kunagawiwa hewa. Mwanamume huyo alikuwa bado na viatu vya mpira vya machinjioni. Binti alivaa koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi, na chini yake likachungulia gauni la samawati.

"Umeniletea nini, kaka?"

"Jipu la pafu la nguruwe."

"Na unatabasamu hivyo?"

Tangu siku hiyo mapenzi yao yalipita kwenye fomu. Katika nafasi ya Maoni, iliyowekwa kwa mambo ya kitaalamu, mkaguzi aliandika kwamba jipu linamsalimia mpokeaji. Binti naye alimpigia simu kumtajia bakteria walioota, akilalamika kwamba wenzake huletewa manukato, yeye analetewa usaha. Akambandika jina la Kisu. Mjomba aliyemlea binti, mfugaji wa nguruwe arobaini na mmoja, alikwisha kudokezwa habari za mchumba, na siku ya kumpokea ikapangwa.

Mkaguzi alikuwa na visu viwili na sheria moja: kimoja kikikata, cha pili hulala katika maji yanayochemka, na kwa kila nguruwe kisu hubadilishwa, vijidudu visihame. Asubuhi moja alipasua tezi la shingo lililojaa chembe ngumu za manjano, dalili ya kifua kikuu. Simu ikaita, ilikuwa sauti aipendayo. Akaibana kwa bega, akacheka, akapasua tezi la nguruwe aliyefuata, lililovimba kwa usaha wa kawaida, akalitia chupani liende maabara. Alipokata simu aligundua kwamba kisu mkononi ni kilekile. Nguruwe huyo wa pili alitoka kwa mjomba.

Ilimpasa kuitupa chupa ile. Lakini ilikwisha kutiwa lakiri, na kukiri kungemwaibisha mbele ya wenzake aliozoea kuwakaripia kwa kosa hilohilo. Akajiambia kwamba hakitaota kitu.

Bakteria wa kifua kikuu huota polepole. Wiki ya sita simu ikaja.

"Kisu, wameota. Ni banda la mjomba. Nimesaini kwa mkono wangu."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Akasema, "Pole, mpenzi."

Amri ikatoka, nguruwe wote wakauawa na kufukiwa. Siku ya kupokewa ilipowadia, mkaguzi, ndani ya suti ya kijivu, alimkuta mjomba akisugua kwa dawa banda lisilo na kitu, na binti amesimama mlangoni. Mzee hakumpa mkono. Siku hizo alikuwa na sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake, na hakumbeba tena mjukuu wake.

"Usinisogelee, mwanangu. Nadhani kikohozi changu ndicho kilichowaua. Wewe ndiye mwenye macho ya kazi hii. Niambie, ni mimi?"

"Si wewe, mjomba. Ni kisu changu."

Akaeleza yote, pamoja na ile simu. Mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitazama mikono yake kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichokwisha kuharibika.

"Ulijua tangu lini?" binti akauliza.

"Tangu siku ileile."

"Kupiga simu nilipiga mimi, hilo nitalibeba. Kunyamaza kulikuwa kwako peke yako."

Hakupandisha sauti. Aliingia ndani, na mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu, jambo lililomwumiza mkaguzi kuliko tusi.

Ofisini alikiri pia, akapewa onyo la maandishi, kisha akarudishwa kwenye meza ya ukaguzi. Sampuli zake sasa huletwa na dereva. Binti huzipokea kwenye dirisha lilelile, huzisoma, huzisaini, na simu hapigi. Katika kila fomu, kwenye nafasi ya Maoni, hukuta maneno mawili kwa mwandiko anaoujua: Kisu kilibadilishwa.