Birika Kwenye Barabara Isiyo na Magari

Kazi yake ilikuwa kutafuta kimya, na watu wakamwita Mama Kimya. Wageni waliokuja milimani kuendesha baiskeli hawakutaka kubanana na malori wala kupigiwa honi kila kona. Walitaka barabara tulivu, na yeye ndiye aliyejua zilipo. Ukutani kwake kulikuwa na ramani kubwa iliyochakaa kwenye mikunjo, ina nyuzi nyekundu kwa barabara za malori na nyuzi za kijani kwa zile alizoziamini. Chumba chote kilinuka gundi ya viraka.

Kipimo chake kilichekesha kidogo. Alipanda mwenyewe na baiskeli mpaka kwenye kona, akawasha jiko lake dogo la gesi, akateleka birika. Gari likipita kabla maji hayajachemka, barabara imefeli. Lisipopita, anakunywa chai yake, anarudi nyumbani na kufunga uzi wa kijani. Mdogo wake alimtania kwamba iko siku atawapeleka wageni kuzimu kwa sababu tu chai iliiva.

Jioni ile hakuwa na hamu ya utani. Mvua ilikuwa imebomoa barabara aliyoitegemea kuliko zote, na kesho yake asubuhi mdogo wake angeongoza kundi la wageni kuvuka mlima, mara yake ya kwanza kuwa kiongozi. Njia iliyobaki ilikuwa ya malori. Kwenye njia hiyo hiyo lori lilimburuza baba yao pamoja na baiskeli yake, na Mama Kimya alikuwa ameapa kwamba mdogo wake hatapita pale. Kwenye ramani aliuona mstari mwembamba uliopanda upande wa nyuma wa mlima, barabara ya zamani ambayo hakuwahi kuipima. Akafunga birika kwenye kiti cha nyuma, akaondoka jua likianza kuzama.

Chini ya mlima fundi wa pancha alikuwa anafunga kibanda chake.

"Fundi, hii barabara inafika juu?"

"Inafika."

"Ina magari?"

"Hakuna gari linalopita hapo, dada."

"Hata moja?"

Fundi alibana kufuli, akalivuta kuhakikisha. "Na sisi hatupiti."

Mtu mwingine angeuliza kwa nini. Mama Kimya alisikia moja tu, kwamba hakuna magari, na moyo ukamruka kwa furaha. Watu wa kazi yake ndivyo walivyo. Wakiona barabara tupu wanashukuru, hawaulizi ni nini kilichowafukuza watu.

Akapanda.

Lami ilikuwa nzima, nzima kupita kiasi. Misonobari ilisimama pande zote mbili, lakini chini hapakuwa na jani hata moja. Hapakuwa na kinyesi cha mnyama wala tone la mafuta. Barabara ilikuwa safi kama sakafu iliyotoka kupigwa deki. Ndege hawakulia. Alisikia mnyororo wa baiskeli yake na pumzi zake, basi.

Kisha ikaja harufu. Breki zilizoungua... na jasho. Jasho bichi la watu wengi, kana kwamba kundi zima limepita sasa hivi.

Kwenye kona ya tatu alishuka, akawasha jiko, akateleka birika. Akakaa juu ya jiwe kusubiri. Hakuna gari. Moto wa buluu ulivuma taratibu, na giza likaanza kujikusanya kati ya miti.

Kring.

Kengele ya baiskeli. Ilitoka chini, alikotoka yeye.

Akasogeza miguu kupisha. Mtu akatokea kwenye kona, amekunja mgongo, kichwa kimeinama, anakanyaga polepole. "Habari za jioni," alimsalimu. Mtu yule alizidi kukanyaga. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine tena, wengine na nguo mpya, wengine na nguo zilizooza mwilini. Wote walikuwa wanapanda. Tairi zao zilikuwa zimeisha, chuma kitupu kikibingirika juu ya lami, wala hakikutoa mlio wowote.

Akatazama miguu.

Viatu vilikuwa vimeisha. Nyayo nazo zilikuwa zimeisha. Kilichokuwa kinazungusha pedali ni mfupa.

Mwanamke mmoja aligeuza macho kulitazama birika, kichwa chenyewe hakikuinuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka pasipo damu.

"Maji..."

Mama Kimya hakunyoosha mkono. Mwanamke akapita, akapotelea kwenye kona ya juu.

Kring. Chini tena. Akatokea yule wa kwanza, mgongo ule ule, nguo ile ile. Hakuna aliyekuwa ameteremka.

Alitaka kukimbia. Akashika birika ili angalau ashike kitu. Moto ulikuwa unawaka vizuri chini yake, na birika lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Halitachemka," sauti ikasema.

Bibi mmoja alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa jiko, anaota moto. Shali jeusi, vidole virefu, uso wa kawaida kabisa, kama wa bibi yeyote unayempisha sokoni. Mama Kimya alilelewa vizuri, na malezi hayamtoki mtu hata akiwa na hofu.

"Shikamoo."

Bibi hakuitikia. "Salamu yako naiweka," alinong'ona. "Nitaiitikia siku nikija kwako."

"Hawa... hawa ni nani?"

"Waliopenda kimya, kama wewe." Bibi alipuliza vidole vyake. "Barabara isiyopitiwa inakufa, mwanangu. Hii haitaki kufa. Sasa mmoja wao amechakaa, hafiki tena kileleni. Nataka miguu mipya. Yako, au ya mtu mwingine?"

"Ya mtu mwingine."

Lilimtoka haraka, kabla hata hajavuta pumzi. Alimfikiria mgeni fulani, mrefu, mwenye miguu minene, asiyemjua jina. Aibu ilimpata, lakini hakulirudisha neno lake.

"Wageni wanakuja kesho," aliongeza. "Chukua yeyote."

Bibi alicheka kidogo, kwa upole. "Mgeni anaamini ramani. Mimi namtaka anayekuamini wewe."

Mama Kimya akaelewa. Duniani alikuwapo mtu mmoja tu wa namna hiyo.

"Ukimwonya nitajua. Nitakuja kuitikia ile salamu. Na roho ikikusuta baadaye, panda mwenyewe, yeye nitamwachia." Bibi alijifunika shali. "Haya. Kunywa chai yako."

Birika likapiga mluzi.

Aliteremka bila kugusa breki. Nyumbani taa zilikuwa zinawaka, na mdogo wake alikuwa jikoni amepiga magoti mbele ya baiskeli yake, anajaza upepo. Alikuwa ameshapanga chupa za maji mezani, zimefutwa zinang'aa. Usukani ameufunga kengele mpya.

"Dada, umechelewa. Nilianza kuogopa." Hakugeuka, mikono yote iko kwenye pampu. "Barabara ikoje?"

Mama Kimya alisimama mlangoni. Maneno alikuwa nayo yote. Alipanga kuyasema njia nzima akiteremka, na ni kweli alikusudia, tusimwonee. Usiende. Afadhali malori. Afadhali tuwarudishie wageni safari yao na tule mihogo. Alimpenda mdogo wake, alimlea tangu baba yao alipozikwa. Akafungua mdomo.

"Marahaba," mdogo wake akasema.

Pampu ilikuwa imesimama. Mgongo wa msichana ulikuwa umetulia tuli, kichwa kimeinama.

"Umesemaje?"

"Mimi? Sijasema kitu." Mdogo wake aligeuka, anatabasamu, jasho puani. "Nimekuuliza barabara ikoje."

Jikoni palinuka breki zilizoungua.

"Nzuri," alisema Mama Kimya. "Ni nzuri. Haina gari hata moja."

Mdogo wake alimkumbatia kwa mikono yenye grisi. Akasema kwamba hata baba angefurahi.

Alfajiri, msichana alipokuwa anavaa viatu, Mama Kimya alichukua kisu cha jikoni akakiweka kwenye tairi la mbele. Ilihitajika kukandamiza tu. Akasikia, au akadhani amesikia, mtu anavuta pumzi nyuma ya shingo yake ili aseme neno. Akakirudisha kisu kwenye droo. Akamjazia mdogo wake chupa za maji mpaka juu.

Jioni wageni walirudi wote, wamechoka, wamefurahi. Hawajawahi kuona barabara tulivu kama ile. Kiongozi wao? Walishangaa kwamba hajafika. Alikuwa mbele yao siku nzima, walisema, na hata ukungu ulipowafunika walikuwa wanaisikia kengele yake, inapanda, inapanda, mpaka wakashindwa kuifuata. Walimtafuta kwa siku nyingi. Hawakupata hata chupa.

Fundi wa pancha hakuuliza chochote. Ila jioni, akifunga kibanda, humwona Mama Kimya amesimama na baiskeli yake pale lami inapoanza kupanda. Birika habebi siku hizi. Hupanga gia, huweka mguu mmoja kwenye pedali, na hutulia hivyo kitambo, kama mtu aliyeamua.

Kisha juu, kati ya misonobari, kring.

Kengele ile mpya. Bado inalia vizuri.

"Nakuja, mdogo wangu," hunong'ona. "Kesho."

Hushusha mguu, hugeuza baiskeli, na hurudi nyumbani kupika chai.