Aliyepanda Farasi wa Akiba

Ukifika leo Juru, mtaa wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale huko Uganda, ukauliza nyumba ya Emery, yule aliyekuwa akitembeza wageni kwa farasi, utaonyeshwa. Utaonyeshwa kwa kidevu tu, na anayekuonyesha hatakusindikiza. Watu wa pale wana roho nzuri, watakupa kiti na maji ya kunywa, lakini ikitajwa nyumba ile kila mmoja hukumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni.

Mwaka 2009 mambo yalikuwa bado mazuri. Emery alikuwa mtu wa Uvira, Congo, mpole, mwenye utani wa chinichini, aliyeanza maisha ya ukimbizi Nakivale kwa kubeba watu kwenye baiskeli. Kisha ikafunguliwa kambi ya farasi ng'ambo ya vilima, nje ya makazi, huko ambako pundamilia hula majani pamoja na ng'ombe wa pembe ndefu wala hakuna anayeshangaa. Wageni walipandishwa farasi, wakazungushwa porini, wakalala kwenye mahema, wakarudi mjini na maumivu ya mapaja na mengi ya kusimulia. Emery aliajiriwa kuosha wanyama. Alikuwa na mkono wa utulivu, farasi wakamzoea, na haukupita muda mrefu akawa ndiye anayeongoza msafara.

Safari hiyo wageni walikuwa maharusi kutoka Mbarara, Swaib na mkewe Mastulah. Swaib alikusanya maziwa Bwizibwera na kuyauza mjini. Alikulia katika kambi ya jeshi ya Makenke, kwa baba yake askari, kwa hiyo Kiswahili chake kilitoka kama amri ya gwaride hata alipokuwa akitania.

"Afande Emery!" alilalamika asubuhi ile. "Hii farasi yangu iko na kula tu. Kutembea hapana!"

"Vuta kamba kidogo, boss," Emery akamjibu. "Ikiona unaogopa, itakula mingi zaidi."

Mastulah alicheka mpaka akashikilia tandiko. Nyuma yao alikuja Kabanda, mwenyeji wa huko huko Ankole, akiongoza kwa kamba farasi jike wa kijivu aliyeitwa Majivu. Huyo alikuwa wa akiba. Alitandikwa kila asubuhi kama wenzake, ili farasi wa mgeni akichechemea pawe na mwingine tayari. Vikuku vyake, vile vyuma vya kuwekea miguu, Emery mwenyewe alivipandisha juu na kuvifunga ili visimpige mbavuni.

Kwa kweli moyo wa Emery haukuwa safarini. Mkewe Gisèle alikuwa karibu kujifungua. Mama Constance, mkunga wa mtaa wao, alilipapasa tumbo na kumwambia aende tu, atarudi kabla mambo hayajaanza. Alikwenda, lakini kila walipopanda kilima aligeuza macho upande wa Juru. Alimtaka mtoto huyo kwa namna iliyowachekesha majirani. Walisema ameanza hata kutembea kama mjamzito.

Mchana walifika kwenye mgongo wa kilima, mabati ya makazi yakimeta kwa mbali. Mastulah akamsogezea farasi wake.

"Mzee, wewe iko na watoto?"

Emery akatabasamu. "Wa kwanza iko njiani, mama. Leo ao kesho."

Nyuma yao Majivu akalia. Hakulia kama farasi anayemwita mwenzake. Alilia kwa mlio mfupi, wa mnyama aliyeshtushwa na uzito mgongoni.

Hapa inabidi ujue jambo moja. Gisèle hakuwa mke wa kwanza wa Emery. Vita vilipoingia Uvira mwaka 1996, alikimbia na mkewe Mariette, mwanamke mfupi wa kimo, katikati ya umati. Risasi zikalia barabarani, kila mtu akashika njia yake, na Emery hakumwona tena. Alimtafuta kambi hadi kambi mpaka akachoka. Miaka ikapita. Alipotaka kumwoa Gisèle, wazee wa kwao waliokuwa Juru walikataa katakata. Walisema mke asiye na kaburi bado ni mke. Basi wakafanya kama ilivyofanywa kwao mtu anapopotea bila maiti: wakakata mgomba, wakalivisha shina lake kitenge, wakalililia usiku kucha, wakalizika nyuma ya nyumba kwa jina la Mariette. Ndipo ndoa ikafungwa, na watu wakacheza.

Walishuka bondeni kuwanywesha farasi. Kabanda akamwita Emery kando, sauti chini.

"Ni wewe nafungua hii?"

Vikuku vya Majivu vilikuwa vinaning'inia. Emery akasema hapana.

"Mimi pia hapana gusa," Kabanda akanong'ona.

Emery akaushika ukanda wa kikuku. Haukuwa umefunguka wenyewe. Ulikuwa umevutwa na kufungwa upya, tundu la mwisho kabisa, mfupi kuliko walivyowahi kumfungia mgeni yeyote. Upande wa pili vilevile. Aliyefanya hivyo alikuwa na miguu mifupi. Akapenyeza kiganja chini ya tandiko. Farasi aliyebeba tandiko tupu hutoka jasho pale tu ukanda wa tumbo unapobana. Majivu alikuwa amelowa mgongo mzima, naye alihema, macho yamemtoka.

"Nachoka kama nabeba mtu," Kabanda akasema.

"Nyamaza. Wageni wasisikie."

Akavipandisha tena vikuku, akavifunga kwa fundo la nguvu, wakaendelea. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa ziwa. Upepo ukakata. Ndege wakanyamaza. Emery alitamani kuangalia mbele, na kila mara shingo ilimgeuka yenyewe. Walipopanda mlima, Majivu alipanda akiwa ameinamisha kichwa. Tandiko lake likalia, kii, kii, kama ngozi inavyolia chini ya mtu aliyekaa. Vikuku vilikuwa vimeshuka tena. Havikuwa vinabembea. Vilitulia, vimesimama wima, kama vimekanyagwa.

Swaib alikuwa mbele akipiga mluzi. Mastulah alikuwa nyuma kidogo. Emery alimsikia akizungumza na mtu, taratibu, kwa adabu. Kisha akamwita.

"Mzee, mbona hapana ambia sisi iko mama mwingine kwa safari?"

"Mama gani?"

"Huyu ya nyuma. Hii ya farasi ya kijivu." Mastulah alikuwa anatabasamu kama mtu anayetafuta msaada wa kutafsiriwa. "Yeye nauliza mimi kitu na mimi hapana fahamu. Yeye nasema, 'Muliweka mutoto wangu fasi gani?' Fasi ni nini, mzee?"

Mikono ya Emery ikaacha hatamu.

Fasi ni mahali, kwa Kiswahili cha Congo, na Mastulah hakuwahi kukanyaga Congo. Na ile sauti aliyoiiga, ule mvuto wa neno la mwisho, Emery alikuwa ameisikia kila siku kwa miaka, jikoni kwake, Uvira.

Mariette alipopotea alikuwa mjamzito. Siku ya maziko ya mgomba kilipaswa kukatwa chipukizi pia kwa ajili ya mtoto, kifungwe kitambaa, kilazwe kando ya shina. Wazee hawakujua, kwa hiyo hawakuuliza. Emery alijua. Kwa uchungu wa kulitaja, na kwa haraka ya ndoa, alinyamaza. Walizika mtu mmoja mahali pa wawili. Na mchana huo, kwa kinywa chake mwenyewe, akasema wa kwanza yuko njiani.

Akageuka. Tandiko lilikuwa tupu. Kabanda alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Majivu akainua kichwa, akaelekeza masikio upande wa Juru. Kamba ikakatika.

Farasi yule hakuwahi kufika Juru hata siku moja. Aliteremka kilima akikata moja kwa moja kuelekea huko, kwa mbio za farasi anayepigwa visigino.

"Peleka wageni kambini!" Emery alimpigia Kabanda kelele.

"Afande, nini mbaya?" Swaib akauliza.

"Bibi yangu anazaa."

Hakuwa na namna nyingine ya kulisema. Akampiga farasi wake, akateremka kilima.

Mvua ikamkuta bondeni. Hakuona njia. Aliona mkia wa kijivu tu, mbele, daima mbele. Alipomkaribia, Majivu aliongeza. Alipobaki nyuma, Majivu alipunguza, kama anayetaka afuatwe. Emery alilia huku akiendesha. Alimwomba Mungu. Kisha akaacha kumwomba Mungu, akamwomba Mariette.

Kwenye shamba la mahindi la kwanza alisimama jirani yake Musoni, jembe begani, amejikinga kwa gunia. Musoni alikuwa amevua kofia, anatazama kule Majivu alikopita.

"Emery! Yule mama wa mbele ni mugeni wenu? Nimemusalimia, hajanijibu."

Emery hakusimama.

Majivu alikuwa mlangoni pa nyumba, ametulia, anatoa mvuke. Tandiko tupu. Vikuku bado vilikuwa vinacheza, kama mtu ndiyo kwanza ameshuka. Mlango ulikuwa wazi nusu.

Ndani kimya. Hakukuwa na kilio cha mama wala cha mtoto.

Mama Constance akatoka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule na hakujua kuogopa. Sasa aliogopa.

"Usiingie, papa. Mutoto ametoka. Lakini hapumue."

Emery alizunguka nyuma ya nyumba. Akang'oa chipukizi cha mgomba kwa mikono, akavua shati, akajaribu kulikunja juu yake. Udongo ulikuwa tope, kila alipochimba shimo lilijaa. Alijua kwamba hana muda. Mtoto asiyepumua hasubiri shimo likamilike. Akakiachia chipukizi, akalala kifudifudi juu ya kaburi la Mariette, midomo kwenye matope.

"Nilikosa," akanong'ona. "Mariette, nilikosa. Usimuchukue huyu. Kama unataka mutoto, huyu ni wako. Ni wako. Lakini aishi."

Mvua ikapungua. Ndani ya nyumba mtoto akalia.

Ilikuwa sauti ya nguvu, ya mtoto mwenye hasira na mapafu mazima. Mama Constance alicheka na kulia kwa pamoja. Emery aliingia akiwa kifua wazi, matope usoni, akapiga magoti kando ya Gisèle. Gisèle alikuwa mchovu mno hata kumcheka. Alimfungulia mtoto mkono, akamlaza kifuani, akamwekea titi mdomoni.

Mtoto akageuza uso.

"Amechoka," Mama Constance akasema. Akachukua kona ya kitambaa amfute mdomo. Akasita. Akaiangalia ile kona, kisha akanusa.

"Nani amemupa maziwa?"

Hakuna aliyempa. Ndani walikuwa wao tu. Gisèle alijikamua, na maziwa yake yalikuwa hayajashuka.

Siku iliyofuata wazee waliitwa. Emery alisema yote, mbele yao na mbele ya mkewe, isipokuwa yale aliyonong'ona juu ya kaburi. Hawakumgombeza. Chipukizi kilifungwa kitambaa, kikapewa jina Adolphe, la baba yake Emery, kikalazwa kando ya shina na kuliliwa vizuri. Mchungaji alikuja akaombea nyumba. Kabanda akamchukua Majivu, akasema mnyama ni mzima, anakula. Watu wakaenda makwao wakiamini limekwisha.

Mtoto alinenepa. Kwenye zahanati alipopimwa uzito, nesi alimsifu Gisèle kwamba ananyonyesha vizuri. Gisèle alitabasamu pale, akalia njia nzima. Mtoto hakuwahi kunyonya kwake. Hata mara moja. Matiti yalijaa yakawa mawe, yakauma, akapata homa. Alilala na mtoto amejifunga naye kwa kitenge, mafundo mawili, uso kwa uso. Kila alfajiri mafundo yalikuwa pale pale, na kidevu cha mtoto kilikuwa kimelowa, cheupe, chenye joto. Mwishowe maziwa ya Gisèle yakakauka bila kuonjwa na mtu.

Jioni moja, jua likiwa bado mlangoni, alikaa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Emery alikuwa mbele yake. Alikuwa ameacha kazi ya farasi. Siku hizo hakuwa mtu wa kazi yoyote.

"Papa," Gisèle akasema polepole. "Siku ile, kule nyuma, ulimuambia nini?"

Emery aliinuka, akafunga dirisha la upande wa kaburi.

Mtoto akageuza kichwa upande wa kona, pale ambapo hapakuwa na mtu. Akatabasamu. Akanyoosha vidole, akashika kitu hewani, akakivuta karibu, akaanza kunyonya. Walisikia koo lake likimeza. Maziwa yakamchuruzika kidevuni, yakadondoka kwenye paja la Gisèle, na yalikuwa ya moto.