Vipande Vyeupe kwenye Strungi ya Shangazi

Jumamosi moja ya Aprili, saa mbili kamili asubuhi, nilishtakiwa jikoni kwetu Tawa. Mshtaki alikuwa mama, Ndunge. Hakimu alikuwa baba, Musyimi. Ushahidi ulikuwa birika la umeme. Mimi Kalunde, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyekuja nyumbani likizo, nilisimama kando ya gunia la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Sikuwa na wakili.

"Sema ukweli," baba alisema. "Unaweka nini ndani ya birika?"

"Siweki kitu, baba."

"Krismasi uliweka chumvi kwenye bakuli la sukari. Pasta akainywa kwenye chai."

"Hiyo niliweka. Hii siweki."

Hakuna aliyecheka. Dada yangu Katunge alikaa kwenye kigoda, macho mekundu. Leo ilikuwa siku ya ntheo yake, sherehe ya uchumba ya Kikamba. Saa nne, watu wa mchumba wake Kisilu wangefika kutoka Mtito Andei na mbuzi wa kuthibitisha ndoa.

Mwezi uliopita walikuja kujitambulisha. Shangazi wa Kisilu hanywi maziwa, kwa hiyo mama alimpa strungi, chai isiyo na maziwa. Shangazi akaangalia ndani ya kikombe. Vipande vyeupe vilikuwa vinaelea. Akakiweka chini bila kuonja, na chakula pia hakugusa. Tangu siku hiyo maneno yakaenea: kwao Katunge wanaweka vitu kwenye chai. Jana Kisilu alipiga simu. Shangazi amesema akiviona tena, mbuzi watarudi kwenye gari.

"Nimesugua mpaka nimechoka," mama alisema. "Tangu jana nimelilowesha kwa magadi, kama ya maharagwe. Hakuna kilichotoka."

"Kalunde," Katunge alisema polepole. "Kama ni wewe, sema tu. Haki sitakasirika."

Hilo liliniuma kuliko kelele za baba.

"Nipeni nusu saa," nilisema. "Nikalete shahidi."

Nilikimbia hadi sokoni, kwa Fundi Tumu. Kibanda chake kiko karibu na posho mill. Anatengeneza pasi, birika na redio, kazi aliyofundishwa na baba yake, Mzee Salim. Nilimweleza yote bila kuvuta pumzi.

"Wewe ndiye wa chumvi?" aliuliza.

"Ndiyo, fundi."

"Haya, twende."

Njiani alinunua ndimu sita. Hakuniambia ni za nini.

Tulipoingia jikoni, baba alikuwa ameinama juu ya birika akiwa na kisu. Ndani mlikuwa na maji. Waya ulikuwa kwenye soketi na taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Mzee! Usiguse maji!" Tumu alipaza sauti.

Baba aliganda. Ncha ya kisu ilikuwa karibu kugusa maji. Tumu alipita nyuma yake, akazima soketi, akachomoa waya. Ndipo sote tukapumua.

"Nilitaka kukwangua tu," baba alisema. Aliweka kisu chini.

"Leo mngekuwa na matanga hapa, si ntheo," Tumu alisema. "Kabla ya kusafisha birika, chomoa waya. Na koili hii inayochemsha maji usiikwangue kwa kisu hata siku moja. Ikitoboka, umeme unaingia kwenye maji."

Alipima birika kwa kipima umeme chake. Lilikuwa zima. Kisha akamwaga maji na kutuonyesha koili. Ilikuwa imevaa ganda jeupe, nene kama ukucha.

"Mama Katunge, maji haya ni ya wapi?"

"Ya mfereji. Yanatoka kwenye kisima kile kirefu."

"Mkiosha nguo, sabuni inatoa povu?"

"Aa, wapi! Mpaka umalize kipande kizima."

"Basi ni maji magumu. Yakipita kwenye miamba chini ya ardhi yanabeba madini ya chokaa. Ukiyachemsha, chokaa inaganda kwenye koili. Ganda linazuia joto. Birika linachelewa, umeme mwingi unaliwa, na mwisho koili inaungua. Vipande vikibanduka, vinaelea kwenye strungi."

"Ni sumu?" Katunge aliuliza.

"Chokaa hiyo si sumu. Lakini maji hayapimwi kwa macho. Mkitaka kujua yana nini kingine, pelekeni maabara."

Alitia kipande kimoja kwenye kisahani, na unga wa mahindi kwenye kingine. Akakamulia ndimu pote pawili. Unga ulinyamaza. Kipande kikaanza kutoa vipovu vidogo.

"Magadi hulainisha maharagwe, mama. Jiwe hili linataka kitu kikali, ndimu au siki."

Ni aibu kukiri, lakini somo hilo lilifundishwa shuleni kwetu kidato cha pili. Siku hiyo nilikuwa nje ya darasa nimepiga magoti, kwa sababu ya chaki za mwalimu zilizopotea.

Tumu alikamua ndimu tatu ndani ya birika na kuongeza maji hadi yakafunika koili. Akachemsha, akazima, akaacha kwa nusu saa. Alipomwaga, ganda lilitoka kama tope. Aliosha mara mbili kwa maji safi. Koili iling'aa. Mama alichota maji ya mvua kwenye tangi lililo chini ya gata za paa, akachemsha strungi, akajaza thermos.

Honi ililia langoni.

Shangazi wa Kisilu aliketi kiti cha kwanza. Nje mbuzi walikuwa bado kwenye gari. Nilimmiminia strungi. Alitazama ndani ya kikombe kwa muda mrefu.

"Binti, onja wewe kwanza."

Nyumba nzima ilinitazama. Nakiri wazo lilinijia: niangushe kikombe, nishike koo, nilale chini. Ningekumbukwa Makueni nzima. Kisha nikaona mikono ya Katunge imekunja kitambaa mpaka kimekuwa kamba.

Nilikunywa. Nikasimama wima.

"Sasa niambie. Vile vitu vilikuwa nini?"

Nilileta kipande kilichobaki na ndimu. Nikakamua mbele yake na kumweleza yote, hata kisa cha kisu. Shangazi hakuondoa macho kwenye vile vipovu.

"Mawe haya yako kwangu," alisema mwishowe. "Miezi minane nimemlaumu mke wa mwanangu. Nimemkataza hata kuingia jikoni."

Alitoa simu mkobani, akampigia.

"Mueni? Hapo nyumbani kuna ndimu?" Akasikiliza. "Nisamehe, mwanangu. Kumbe ni maji."

Kisha akamaliza strungi yake na kuagiza mbuzi washushwe.

Siku hizi kila Ijumaa nachomoa waya na kukagua koili. Ikianza kuwa nyeupe, naichemshia ndimu. Maji ya mvua tumeyatenga kwa birika na pasi; yakiisha ndipo tunatumia ya mfereji. Chai inachemka upesi.

Baba hakuniomba msamaha. Jioni ile ya ntheo aliniambia nimmiminie strungi. Aliinywa yote bila kuangalia ndani ya kikombe.