Futa ya Huko, Njoo

Bi Paraska wa chumba cha pili anaapa kwamba aliona kwa macho yake. Anasema Demyan alikuja hosteli ya wakimbizi pale Brno, Ucheki, na shati lake la nakshi, maua mkononi, mjomba wake nyuma kama mshenga. Zoryana akamtazama, kisha akamkabidhi boga. Na kwa watu wa Ukraine, msichana akimpa mposaji boga, posa imekataliwa. Hakuna cha kuuliza.

Alichoruka Bi Paraska ni kwamba Zoryana alikuwa ndiyo anatoka sokoni, anatafuta ufunguo, akampa Demyan amshikie boga alilonunua. Mjomba akaguna. Demyan akaiva uso, akaondoka. Baada ya siku chache akapiga simu, yuko Ujerumani: "Kama hukunikataa, futa ya huko, njoo."

Ndiyo maana leo Zoryana yuko kwenye foleni ya ofisi ya uhamiaji. Mkimbizi hashiki ulinzi wa muda, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi, wa nchi mbili. Wa Ucheki ufutwe kwanza, ndipo Ujerumani wampokee. Ukifutwa, kazi yake ya kufua mashuka ya hospitali na kitanda cha hosteli vinakwenda nao. Bi Paraska amemsindikiza. Umbea kauanzisha yeye, mwisho hawezi kuukosa.

"Mpigie kwanza, mwanangu. Mwanaume huulizwa kabla ya mto kuvukwa."

Zoryana akapiga.

"Demyan, niko kwenye foleni. Nafuta."

"Leo?"

"Si ulisema nije?"

"Nilisema kwa hasira, sikudhani utakuja! Umenipa boga mbele ya mjomba. Kule nyumbani Poltava nzima wananicheka."

"Nilikuwa natafuta ufunguo. Ulitaka nilishike kwa meno?"

Bi Paraska akaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika.

"Haya, nipe anwani. Wataniuliza nafikia wapi."

"Subiri kwanza. Nyumba yenyewe ndogo."

"Ulisema ina vyumba viwili."

"Ndiyo, lakini huku vyumba vinahesabiwa kwa watu. Huwajui hawa. Mimi nahangaika nao tangu Agosti."

Mbele ya Zoryana mama mmoja aliyebeba mtoto akasogea hatua, naye akasogea.

"Agosti?"

"Eh?"

"Demyan, kuniposa ulikuja Oktoba. Ukasema tutafuta pamoja, tuhame pamoja."

"Zoryana, simu inakatakata..."

"Haikatakati. Agosti ulikuwa umeshahama. Ulijiandikisha na nani?"

"Na Ivanna. Wenye familia hawakai sana kusubiri nyumba, tukasema ni mke na mume. Ni makaratasi tu, mpenzi."

"Na usiku mnalala juu ya makaratasi?"

Demyan akakohoa.

"Sasa maua yalikuwa ya nini?"

"Mama anakupenda wewe. Nikadhani mambo yatajipanga yenyewe. Uliponipa lile boga..."

"Ukakasirika."

"Nikapumua," alisema taratibu, na safari hiyo hakudanganya.

Zoryana akakata simu. Sauti haikumpanda, machozi hayakumtoka. Bi Paraska, aliyezoea kumaliza habari za watu kabla hazijaisha, hii hakuweza kuimalizia.

Namba ya Zoryana ikaitwa. Karani hakuinua macho.

"Unahama? Tunafuta?"

"Hapana. Nabaki."

"Wenzako wote wa leo wamefuta."

"Wao wana pa kwenda. Mimi nabaki."

"Haya. Anayefuata!"

Nje upepo ulikuwa mkali. Bi Paraska akamfunga shali shingoni kama mtoto.

"Bi Paraska, wahi ukapumzike. Mimi naingia zamu."

"Utaweza kufua leo?"

"Mashuka hayaulizi."

Akabaki peke yake kituo cha treni. Simu ikalia, ujumbe kutoka namba ya Ujerumani, siyo ya Demyan.

*Dada Zoryana, hunijui. Mimi Ivanna. Namba yako nimeitoa kwenye simu ya Demyan, amekwenda kuvuta sigara. Nilikuwa Poland, nikiwa na kazi na chumba changu. Nilifuta ya kule kwa sababu yake, na sasa nina mimba. Kasema wewe ni binamu yake. Nakuomba kama mwanamke mwenzangu: kweli alikuja kukuposa?*

Treni ya mjini ikaja, ikafungua milango, ikaondoka. Zoryana alikuwa bado amesimama, simu ikiwaka kiganjani, kidole juu ya herufi.