Blanketi la Alpaka

Sogeeni hapa kwa magokoro, bibi yenu, wajukuu wangu. Wewe, weka chini huo muhindi, unatafuna kama mbuzi. Nyamazeni.

Mwaka wa hamsini na mbili, huko Manga, palikuwa na darasa la wasichana la kufuma. Bathsheba na Kemuma, watoto wa ndugu wawili, walikaa benchi moja. Siku moja mwalimu Mzungu akafungua sanduku kutoka ng'ambo. Ndani, sufu ya alpaka, mnyama wa milima ya mbali mwenye shingo ndefu. Nyeupe, laini kama nywele za mtoto mchanga.

"Huyo ni kondoo au ni twiga?" Kemuma akauliza. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu akasema atakayefuma blanketi bora atalipeleka kwenye maonyesho ya Kisii, kisha atapewa kazi ya kufundisha. Kemuma aliwashinda wote. Blanketi lake lilipokaribia kuisha, Bathsheba akafumua alama ya mwenzake kwenye pindo, akatia yake, akaenda kumwambia mwalimu kwamba Kemuma anaiba sufu. Persis wa benchi la nyuma aliona yote. Akafyata ulimi.

Kemuma akafukuzwa mvua ikinyesha. Aliteremka kilima bila hata gunia la kujifunika. Kifua kikambana. Wiki haikuisha, akazikwa.

Siku ya kunyoa nywele za msiba, ukoo mzima uliinamisha vichwa. Bathsheba akakataa.

"Njoo, moiseke, binti yangu," mama yake Kemuma akamwita, wembe mkononi. "Mwenzio anangoja nywele zako."

"Kesho kutwa napigwa picha maonyeshoni, mama mkubwa. Niende na kichwa kama kibuyu?"

Yule mama akafuta wembe polepole. "Basi atazichukua mwenyewe."

Kesho yake, jua la saa nne, Bathsheba alikuwa peke yake darasani, kwenye kitanda cha kufumia, akimalizia blanketi. Akainua mikono apumzike.

Kitanda hakikunyamaza. Tak. Tak.

Katikati ya weupe ukapita mstari mweusi. Akagusa kichwa. Juu ya sikio, ngozi tupu.

Tak. Mstari wa pili.

Akataka kukimbia. Kichwa kikavutwa nyuma. Mtu akapumua shingoni mwake, pumzi inayokoroma, ya kifua kilichobana.

"Inama," sauti ikanong'ona. "Inama, dada."

Persis alimkuta adhuhuri. Amekaa wima, baridi, kichwa kimenyolewa safi bila mkwaruzo. Nje, vumbi. Sakafu kavu. Blanketi lilikuwa limelowa, linadondosha maji ya mvua.

Kitanda kile alipewa Nyangau, kaka yake Kemuma, akakipasua akajengea zizi la ndama. Kazi ya kufundisha akapewa Persis. Na blanketi, kwa kuwa hakuna aliyelitaka.

Persis ni mimi. Juzi nililipima. Limeongezeka upana wa kiganja, na nywele mpya zilizofumwa humo ni za mvi.

Ndiyo maana hamjawahi kuniona nikivua kitambaa cha kichwani.